Vita Vilipoingia Jikoni: Mariam na Laila wa Kabul

Vita vya Afghanistan tunavisoma kwa tarehe za majeshi. Wasovieti waliingia Desemba 1979, wakatoka Februari 1989. Aprili 1992 serikali ya Najibullah ikaanguka, na makundi ya mujahidina yakaanza kugombania Kabul kwa maroketi. Septemba 1996 Taliban wakauteka mji. Sawa. Lakini siku hizo nani alikuwa anapika, na watoto walilala wapi?

Khaled Hosseini alizaliwa Kabul mwaka 1965, na familia yake ikapata hifadhi Marekani mwaka 1980. Alijibu swali hilo kwenye riwaya yake ya 2007, A Thousand Splendid Suns. Watu wake ni wa kubuni, vita ni vya kweli.

Mariam amezaliwa nje ya ndoa, anaitwa harami, neno ambalo masikio yetu yanalijua. Akiwa na miaka 15 anaozwa kwa fundi viatu wa Kabul, mtu mzima na mkali. Mimba zake zinatoka moja baada ya nyingine. Miaka inapita. Roketi linaua wazazi wa Laila, binti wa jirani mwenye miaka 14, na mzee yule anamuoa pia. Basi uke wenza ndo huo: wanagombana hata juu ya mwiko.

Usiku mmoja mume anataka kumchapa Mariam kwa mkanda, Laila anamzuia. Asubuhi Laila anakuta mlangoni nguo za kichanga zimekunjwa vizuri. Mariam alizishona zamani, kwa mtoto ambaye hakuzaliwa. Kuanzia hapo wanakunywa chai pamoja uani, na mtoto anapata mama wawili.

Mwaka 1994 wanajaribu kukimbilia Pakistan. Wanawake kusafiri bila ndugu wa kiume ni mashaka, kwa hiyo wanamlipa mtu ajifanye ndugu yao. Anachukua pesa, anawachoma kwa askari pale stendi. Wanarudishwa kwa mume. Mwaka 1997 Taliban kweli walizuia wanawake kutibiwa kwenye hospitali nyingi za Kabul. Ndo maana riwayani Laila anapasuliwa ili ajifungue, bila ganzi, Mariam yuko naye chumbani.

Urafiki huo haukuandikwa kwenye orodha yoyote. Hata sisi, karatasi ya familia inamtaja mkuu wa kaya, haimtaji jirani anayebaki na watoto wakati mama yuko foleni ya mgao. Wafanyakazi wa misaada, tunawaomba: kabla ya kuhamisha mama kwenda kitalu kingine, muulizeni hapa anategemeana na nani. Ukimtenga na mtu huyo, umempunguzia ulinzi na usingizi.

Agosti 2021 Taliban walirudi Kabul, na wasichana wakafungiwa tena sekondari. Akina Mariam na Laila wapo hadi leo.

Mwisho wa riwaya hatuusemi, usome mwenyewe. Ila muulize mama: wakati wa vita vyetu, nani alikuwa Mariam wake? Andika jina hilo. Hiyo nayo ni historia.