Mirathi Isiyogawiwa na Kadhi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Kiyama. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, nausia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu katika watoto wetu.

Sisi wakazi wa Gongo la Mboto hatuwezi kuusahau usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka katika ghala za jeshi. Watu zaidi ya 20 walifariki dunia, maelfu wakakimbia gizani, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao. Usiku ule baba aliiacha nyumba wazi, akaiacha mali, na neno lililokuwa kinywani mwake lilikuwa moja tu: "Watoto wako wapi?" Hayo ndiyo maumbile aliyotuumbia Mola wetu, na hapana wa kumfundisha mzazi swali hilo.

Lakini Qur'ani Tukufu inatusimulia habari ya baba aliyeuliza swali jingine. Nabii Yaaqub (A.S.) alipokabiliwa na mauti, wanawe walikuwa mbele yake, wazima na salama. Hakuwauliza wako wapi. Aliwauliza watamwabudu nani yeye akishaondoka. Nao wakamjibu kuwa watamwabudu Mungu wake na Mungu wa baba zake, Ibrahim na Ismail na Is-haka, Mungu Mmoja tu. Jawabu lile halikuzaliwa saa ile ya mauti. Lilikuwa limepandwa tangu wangali watoto, likamwagiliwa miaka mingi, na siku ile Yaaqub alikuwa anavuna.

Nyumba, shamba na fedha zina mafungu yake katika Sura ya An-Nisaa, na kadhi huzigawa. Mirathi ya dini haina kadhi wa kuigawa. Asiyeitoa katika uhai wake hawezi kutolewa na mwingine baada ya kufa. Ili tulifahamu jambo hili kwa mifano iliyo karibu nasi, natuwaangalie wazee wawili wa mwambao huu, walioishi zama moja, mmoja Mombasa na mmoja hapa hapa Dar es Salaam. Wote wawili walifiwa na baba zao wangali wadogo.

Wa kwanza ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alikuwa mwanachuoni mkubwa aliyesoma Makka, na kwa ajili ya msimamo wake wa dini alitiwa gerezani katika zama za Sayyid Barghash, akafunguliwa baada ya Barghash kufa mwaka 1888. Mwaka 1894 Sheikh Ali alifariki. Mwanawe alikuwa mtoto wa miaka mitatu hivi, ambaye bado hajaweza kushika ubao wa chuoni.

Kwa hisabu ya dunia, elimu ya Sheikh Ali ilikuwa imezikwa pamoja naye. Haikuzikwa, kwa sababu jamaa yake, Sheikh Sulayman bin Ali Mazrui, alimchukua yatima yule, akamlea na kumsomesha. Baadaye Al-Amin alikwenda Unguja akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, masheikh wakubwa wa zama zile. Hivyo elimu ya baba ilimfikia mtoto kupitia mikono ya wengine. Naye akafika kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947.

Jambo la kuzingatia zaidi ni alivyoitoa amana ile. Wanavyuoni wengi wa wakati wake waliandika kwa Kiarabu, lugha ambayo mtoto wa kawaida wa Mombasa au wa Tanga hakuifahamu. Sheikh Al-Amin alikijua Kiarabu barabara, lakini mwaka 1930 alianza kutoa karatasi yake ya Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, akiwasemesha watu kwa Kiswahili. Aliwahimiza Waislamu wawasomeshe watoto wao, wa kiume na wa kike, na akawaonya wasiige kila la Mzungu huku wakiiacha dini yao. Kisha akaandika Hidayatul Atfal, kitabu cha kuwafundishia watoto dini. Kadhi wa watu wazima hakuona kuwa ni unyonge kumwandikia mtoto mdogo.

Alianza pia kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, na mauti yakamfika kazi haijesha. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye naye alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia mwaka 1963 mpaka 1968, aliishughulikia kazi ile ya mwalimu wake, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikapigwa chapa. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita tangu mwenyewe kuingia kaburini.

Je, na watoto wake wa damu? Mmoja wao, Ali, alizaliwa mwaka 1933, akafiwa na baba akiwa na miaka 14. Baba yake alitamani aende Al-Azhar, Misri, awe mwanachuoni wa sheria. Haikuwa hivyo. Ali alisoma Manchester, New York na Oxford, akawa profesa wa siasa, akafundisha Makerere na baadaye Marekani. Hatusemi kuwa kila aliloliandika lilikubaliwa na masheikh. Mengine yalibishaniwa sana. Lakini mwaka 1986, alipoieleza Afrika kwa ulimwengu katika televisheni, alisema kuwa bara hili lina mirathi tatu: ya asili yake, ya Uislamu, na ya nchi za Magharibi. Hakuona haya kuutaja Uislamu mbele ya walimwengu. Na alipofariki Marekani mwezi wa Oktoba 2014, mwili wake ulirejeshwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Mazrui, karibu na Ngome ya Yesu. Mtoto hakupita njia aliyotakiwa na baba, lakini aliijua nyumba aliyotoka na akarudi kwake.

Mzee wa pili hakuwa sheikh wala kadhi. Ni Mzee Kleist Sykes wa Dar es Salaam, aliyezaliwa mwaka 1894, mwaka ule ule aliofariki baba yake Sheikh Al-Amin. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji kuwa askari wa Wajerumani. Alikufa kwa kuzama mtoni, akamwacha mtoto mdogo. Naye Kleist alilelewa na mwenziwe baba yake katika jeshi, Effendi Plantan. Angalieni: Mombasa yatima alilelewa na jamaa mwanachuoni, na huku yatima alilelewa na askari. Mlango wa malezi ni mpana, na kila mtu huingia kwa alichonacho.

Kleist alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza upande wa Wajerumani, kisha akafanya kazi katika Shirika la Reli wakati wa Waingereza. Alikuwa miongoni mwa walioasisi Chama cha Waafrika mwaka 1929, na mwaka 1933 alikuwa mbele katika kuasisi Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Skuli nyingi za wakati ule zilikuwa za wamisionari, na baba Mwislamu alikuwa baina ya mambo mawili: kumpeleka mtoto asome akichelea dini yake, au kumweka nyumbani abaki mjinga wa dunia. Wazee wale hawakukaa barazani kulalamika. Jumuiya yao ilijenga skuli mjini, mtoto akasoma Qur'ani na akasoma hisabu chini ya paa moja.

Mtu huyu alibeba jina la Kijerumani na ubini wa Kizungu, majina ambayo hakuyachagua yeye. Wanawe aliwaita Abdulwahid, Ally na Abbas. Abdulwahid na Ally walikuwa miongoni mwa walioasisi TANU mwaka 1954. Na Mzee Kleist, kabla ya kufariki mwaka 1949, aliandika habari za maisha yake. Maandishi hayo yalihifadhiwa nyumbani, mpaka mjukuu wake, binti wa Abdulwahid, akayatumia alipokuwa chuo kikuu, na mwaka 1973 habari za babu yake zikatoka kitabuni. Mtu aliyekua bila kumjua baba yake alihakikisha kuwa wajukuu zake watamjua babu yao.

Ndugu zangu, katika maisha ya wazee hawa mna mafunzo, nami nitataja matatu.

La kwanza: baba akifa, ubaba haufi. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alizaliwa yatima, akalelewa na babu yake kisha na ami yake. Lau Sheikh Sulayman na Effendi Plantan wangesema kuwa mtoto huyu si wetu, tusingekuwa na habari ya kusimulia leo. Mitaani mwetu yatima wapo, na wapo pia watoto ambao baba zao ni hai lakini hawaonekani. Nani amewachukua?

La pili: sema na mtoto kwa lugha anayoifahamu, na umwachie kitu kitakachobaki. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema wa kumwombea. Gazeti, kitabu na skuli ni katika hayo. Hata karatasi moja uliyoandika nasaba ya watoto wako na wasia wako ni kitu.

La tatu: sisi hatumiliki nyoyo. Nabii Nuhu (A.S.) alimwita mwanawe mpaka maji yakawatenganisha, na mwana hakuitika. Baba ataulizwa kama alifikisha. Uwongofu ni wa Mwenyezi Mungu. Basi asikate tamaa aliyelea mtoto akapotea, wala asijivune aliyepata mwema.

Sasa natutazame hali yetu. Wengi wetu hapa Gongo la Mboto tunatoka kabla ya Alfajiri kuwahi Kariakoo na mjini, na tunarudi watoto wamekwisha kulala. Hiyo ni jasho ya halali, na ina thawabu. Lakini tumejipa udhuru kuwa tukilipa ada ya madrasa tumemaliza. Siku moja alinijia baba mmoja kumwandikisha mwanawe. Nilimuuliza mtoto amefika sura gani. Baba alimtazama mtoto, na mtoto akamtazama baba. Jawabu hakulijua baba.

Nami sijitoi. Kwa miaka mingi nilisomesha watoto wa watu baada ya Alasiri na baada ya Maghribi, nikirudi nyumbani wangu wamelala. Siku moja nilimsikia mwanangu akisoma Al-Fatiha, na herufi nyingine hazikutoka mahali pake. Nikamuuliza: "Nani alikufundisha hivi?" Akanijibu kwa adabu: "Nimejifundisha mwenyewe, baba. Wewe hukuwapo." Neno lile halijanitoka moyoni. Tangu siku ile, baada ya sala ya Alfajiri, tunakaa pamoja robo saa kabla kila mtu hajashika njia yake. Robo saa si nyingi, lakini kwa mwaka ni zaidi ya saa 90, nazo ni za baba na mwanawe.

Basi kila baba aliyesikia maneno haya, leo kabla ya kulala amuulize mwanawe amefika sura gani, amsikilize, na ampe habari moja ya babu yake. Na asiye na mtoto wa kumzaa amtafute yatima wa jirani yake. Siku ya mabomu tuliuliza watoto wetu wako wapi. Natuulize leo, tungali hai, watamwabudu nani baada yetu.

Ewe Mwenyezi Mungu, tujaalie sisi na dhuria zetu tuwe wenye kusimamisha sala. Warehemu wazee wetu waliotutangulia, na walezi wa mayatima uwalipe malipo mema. Wape watoto wetu elimu yenye manufaa, na usitufishe ila hali ya kuwa sisi ni Waislamu. Amin. Wabillahi taufiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.