Raba za gurudumu la nyuma: kasoro ndogo inayosingiziwa klachi

KWA mwendesha pikipiki wa Ilongero, mkoani Singida, chombo kinapoanza kuruka na kugonga kila anapoachia klachi, dhana ya kwanza humjia kwamba pleti za klachi zimekwisha. Hununua pleti mpya, injini ikafunguliwa, oili ikamwagwa, na baada ya gharama hiyo yote mrusho unabaki pale pale. Mara nyingi kosa haliko kwenye klachi hata kidogo. Liko nyuma, ndani ya kitovu cha gurudumu, katika vipande vya raba ambavyo bei yake ni ndogo kuliko ya pleti.

Makala haya yanaeleza kazi ya raba hizo, dalili za kuchakaa kwake na namna ya kuzibadilisha katika pikipiki iliyotumika kwa miaka mingi.

Kazi ya raba

Nguvu ya injini haitoki kwa mtiririko ulio sawa. Kila mafuta yanapolipuka ndani ya silinda, nguvu hutoka kwa mkupuo, ikapita kwenye klachi, giaboksi na cheni hadi sproketi ya nyuma. Kama sproketi hiyo ingefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu bila kitu laini kati yake, kila mkupuo ungepiga meno ya gia, cheni na beringi kama nyundo. Raba huwekwa hapo ili zimeze kishindo.

Katika pikipiki za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960, kama Triumph na Norton, raba za kazi hii zilikuwa ndani ya klachi yenyewe: kubwa za kupokea nguvu ya kusukuma mbele, na ndogo za kupokea kishindo cha kurudi nyuma. Kuzibadilisha kulihitaji klachi ifunguliwe, na raba ilipaswa kuwa ya aina inayostahimili oili. Pikipiki nyingi ndogo zinazobeba abiria na mizigo hapa nchini leo zina raba hizo kwenye gurudumu la nyuma, mahali panapofikika kwa spana za kawaida.

Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako matunzo ya vyombo ni ya shida, pamoja na pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata umbo lake, zina raba nne za mviringo zilizoshindiliwa kwenye kitovu. Bolti nne za sproketi huingia ndani ya raba hizo. Aina nyingine, kama Bajaj Boxer, hutumia vipande vinavyopangwa kati ya kuta ndogo ndani ya kitovu.

Dalili

Klachi iliyokwisha huonekana pale injini inapopiga kelele zaidi bila mwendo kuongezeka, hasa kwenye mlima au ukiwa na mzigo. Raba zilizochoka hazifanyi hivyo. Zenyewe huleta mgongo wa chuma kwa chuma na mrusho wakati wa kuongeza au kupunguza mafuta.

Kabla ya kufungua kitu, kagua mambo mawili ya nje. Kwanza, ulegevu wa mkono wa klachi uwe kati ya milimita 10 na 20 kwenye ncha yake. Pili, cheni isiwe imelegea, kwa kuwa cheni legevu nayo hurusha chombo.

Kisha simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, injini ikiwa imezimwa na gia ya kwanza imeingizwa. Shika gurudumu la nyuma, ulizungushe mbele na nyuma huku ukiitazama sproketi. Ikiwa gurudumu linacheza waziwazi huku sproketi imetulia, au sproketi inayumba ukiishika kwa mkono, raba zimekwisha.

Hatua za kubadilisha

Legeza nati ya fimbo ya breki, kisha fungua kono la chuma linalozuia bamba la breki lisizunguke pamoja na gurudumu. Fungua nati ya ekseli, legeza virekebisha cheni, sukuma gurudumu mbele na uitoe cheni kwenye sproketi. Chomoa ekseli, ukiweka kila bushi kwa mpangilio ilivyotoka. Vumbi lililo ndani ya breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu, maana ni la hatari kwa mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Kwa pikipiki za aina ya CG, ondoa pete ya chuma inayoshikilia sproketi, kisha iinue taratibu pamoja na bolti zake. Raba kuukuu zitolewe kwa kivutio au kwa kusukumwa kutoka upande wa pili. Zisichomwe moto, kwa kuwa joto linaweza kuharibu kitovu cha aluminiamu. Matundu yasafishwe mpaka yawe makavu.

Raba mpya zipakwe maji ya sabuni ili ziteleze. Grisi na oili zisitumike, kwani huvimbisha raba ya kawaida na kuilainisha hadi ikaharibika. Zibadilishwe zote kwa pamoja. Wapo wanaojaza nafasi kwa vipande vya tyubu kuukuu. Hiyo ni njia ya kukufikisha nyumbani tu, kwa sababu unene usiolingana huipindisha sproketi na kuila cheni. Kama meno ya sproketi yamechongoka kama ndoano, ibadilishwe pamoja na cheni.

Wakati wa kurudisha gurudumu, hakikisha alama za virekebisha zinalingana pande zote mbili. Cheni icheze takriban milimita 20, au kadiri kitabu cha chombo kinavyoelekeza. Klipu ya kiungo cha cheni iwekwe upande wake uliofungwa ukielekea mwendo wa cheni.

Jambo lisilosahauliwa

Kono la bamba la breki lifungwe tena kwa nati na pini yake ya usalama. Likisahauliwa, bamba huzunguka pale breki inapokanyagwa, gurudumu likaweza kujifunga ghafla na kumwangusha dereva pamoja na abiria. Jaribu breki kwanza ukiwa peke yako, kwa mwendo wa polepole, kabla ya kupakia mtu au gunia la alizeti.

Njia za mchanga za vijijini humlazimisha dereva kuongeza na kupunguza mafuta mara kwa mara, na hapo ndipo raba huumia zaidi. Kwa hiyo kila gurudumu la nyuma linapotolewa kwa ajili ya pancha, dereva amwombe fundi azitazame. Mdharau mwiba, mguu huota tende: raba iliyopuuzwa leo ndiyo itakayokata cheni kesho, mbali na gereji, abiria akiwa nyuma.