Diski za dado kwa msumeno wa meza wenye breki ya usalama

Diski za dado ni seti ya diski za msumeno zinazofungwa pamoja kwenye mhimili mmoja wa msumeno wa meza ili kuchimba mfuo mpana katika ubao. Diski moja ya kawaida huacha mwanya wa milimita 3 hivi, lakini seti ya dado huchimba mfuo wa milimita 6 hadi 20 kwa kupitisha ubao mara moja tu. Mifuo ya namna hii hupokea ncha za rafu, vitako vya droo na migongo ya makabati. Kwa maseremala wa Marekani neno dado lina maana ya mfuo unaokingama na nyuzi za mbao. Baadaye jina hilo limetumika pia kwa chombo chenyewe.

Katika msumeno wa meza wenye breki ya usalama, uchaguzi wa seti hautegemei tu usafi wa mkato na bei. Ni lazima breki iweze kuzifikia diski na kuzisimamisha zote. Seti nzuri kabisa kwenye mashine nyingine inaweza isifae hapa. Maelezo yanayofuata yanahusu mashine za SawStop za Marekani, ambazo ndizo zinazojulikana zaidi katika aina hii.

Breki inavyofanya kazi

Breki hiyo ilibuniwa mwaka 1999 na Steve Gass, mwanafizikia na mwanasheria wa hataza wa jimbo la Oregon. Mashine za kwanza ziliuzwa mwaka 2004, na mwaka 2017 kampuni ilinunuliwa na TTS ya Ujerumani, kundi linalomiliki pia Festool.

Diski inapozunguka hupitishiwa mkondo mdogo sana wa umeme. Mbao kavu haibadilishi mkondo huo, lakini mwili wa binadamu hupitisha umeme, hivyo kidole kikigusa jino mashine huhisi badiliko mara moja. Waya mwembamba unaoshikilia springi huunguzwa, springi hufyatuka na kusukuma kipande cha alumini ndani ya meno. Diski husimama kwa takriban milisekunde 5, huzama chini ya meza, na mota huzimwa. Kwa kuwa mhimili huzunguka mara 4,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 15; diski husimama kabla ya kumaliza hata theluthi ya mzunguko. Katika maonyesho ya mashine hizi soseji ndiyo iliyotumika badala ya kidole, na mara nyingi ilibaki na mkwaruzo tu.

Springi na kipande cha alumini vimo ndani ya katriji inayotumika mara moja. Ikishafyatuka haitengenezwi, hutupwa na kuwekwa nyingine.

Kipenyo

Seti za dado huuzwa zaidi kwa vipenyo viwili, inchi 6 na inchi 8. Kwa msumeno wa kawaida wenye mota dogo, ushauri wa kuchukua inchi 6 una mantiki: ni nyepesi, ni rahisi, na mfuo wa rafu hauhitaji kina kirefu. Katika ubao wa milimita 18, kina cha milimita 6 hadi 9 kinatosha.

Kwenye mashine yenye breki ushauri huo ni wa hatari. Kipande cha alumini hukaa karibu sana na ncha za meno, kwa nafasi ya milimita 1.5 hadi 3 hivi. Nusu kipenyo ya diski ya inchi 10 ni milimita 127, ya inchi 8 ni milimita 101.6, na ya inchi 6 ni milimita 76.2. Maana yake, kila anayeshuka saizi moja huongeza pengo la milimita 25.4. Ndiyo sababu katriji ya kawaida ya inchi 10 haiwezi kutumika na dado, na SawStop hutengeneza katriji ya pekee kwa seti za inchi 8. Katriji hiyo ni pana zaidi ili iguse diski zote za seti, na bei yake ni kubwa kuliko ya kawaida. Kwa inchi 6 hakuna katriji. Mashine yenyewe hupima nafasi iliyopo na hukataa kuwaka ikiwa diski iko mbali mno.

Kwa hiyo mnunuzi ahesabu bei ya vitu viwili, seti na katriji yake, pamoja na kibati cha meza chenye mdomo mpana. Pia ahakikishe mashine yake inakubali dado, kwa sababu ule msumeno mdogo zaidi wa SawStop wa kubebeka haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Umbo na uzito

Kuna namna mbili kuu za dado. Ya kwanza ni diski moja inayofungwa kwa mshazari ili iyumbe inapozunguka. Ni ya bei ndogo, lakini sakafu ya mfuo hutoka na mviringo kidogo, na kwa kuwa meno huyumba huku na huku haifai kwenye mashine yenye breki. Ya pili ni seti ya kupanga: diski mbili za nje zenye meno mengi, mara nyingi 12 hadi 24, na katikati vikatio vyenye meno machache, mara nyingi 2 au 4. Hii ndiyo inayotakiwa.

Hata ndani ya seti za kupanga zipo tofauti. Baadhi zina vikatio vyembamba kama mabawa, nyingine zina vikatio vya duara kamili. Maelekezo ya SawStop hayaruhusu hivi vya duara kamili, na sababu yake ni ya kifizikia. Ukinzani wa diski dhidi ya kusimamishwa hutegemea kipenyo kwa kipeo cha nne, unene ukiwa uleule. Diski ya inchi 8 ina asilimia 41 tu ya ukinzani wa diski ya inchi 10, hivyo zile mbili za nje kwa pamoja hazijaifikia diski moja ya kawaida. Lakini zikiongezwa duara nne nzima katikati, jumla inakuwa karibu mara mbili na nusu. Vikatio vya mabawa hupunguza mzigo huo sana.

Unene

Upana wa juu kabisa unaoruhusiwa ni inchi 13/16, yaani milimita 20.6. Mhimili una kipenyo cha inchi 5/8, na nati lazima ishike uzi wake wote. Seti ikiwa pana, washa ya nje huondolewa.

Plaiwudi inayoitwa ya inchi 3/4 mara nyingi ina inchi 23/32 tu, yaani milimita 18.3. Mfuo wa inchi 3/4 kamili utaiacha rafu ikicheza. Marekebisho hufanywa kwa shimu, vipande vyembamba sana vinavyowekwa kati ya vikatio, kisha hujaribiwa kwenye kipande cha ubao kisicho na kazi. Seti nzuri huja na shimu zake.

Matumizi

Plagi huchomolewa kwanza. Katriji ya dado ikishafungwa, seti huzungushwa kwa mkono ili kuhakikisha hakuna jino linalogusa alumini. Kinga ya juu na bapa la nyuma huondolewa kwa sababu dado haikati ubao hadi upande wa pili. Hapo ndipo watu hujisahau: breki huokoa kidole kilichogusa jino, lakini haizuii ubao kurushwa nyuma, na mkato mpana husukuma ubao kwa nguvu zaidi. Vibao vya kusukumia na vibanio vya pembeni bado vinahitajika.

Mbao mbichi au zenye maji mengi zinaweza kufyatua breki bila mtu kuguswa. Ikitokea hivyo kwa dado hasara ni kubwa, kwani alumini hukwama katika diski kadhaa na meno ya kabaidi huweza kuvunjika. Mbao yenye shaka hujaribiwa kwa kuzima breki kwa ufunguo wakati wa mkato mmoja, kisha taa za mashine huonyesha kama ingefyatuka. Wakati wa jaribio hilo mtumiaji hana ulinzi wowote.

Ulaya

Dado hazikuenea Ulaya. Mara nyingi husemwa kuwa zimepigwa marufuku, jambo ambalo ni kurahisisha mno. Kanuni za huko zinataka diski ya mashine isimame ndani ya sekunde 10 baada ya kuzimwa, na watengenezaji huweka mihimili mifupi isiyoweza kubeba seti nzima. Maseremala wengi wa huko huchimba mifuo hiyo kwa ruta.