Historia ya mtihani unaopima ulimi kwa kalamu

HEBU tumchukulie mtahiniwa wa Kidato cha Nne kutoka Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Nyumbani anazungumza Kikasigau, ndani ya matatu ya kwenda Voi ni Kiswahili, darasani ni Kiingereza. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, yenye alama 60, anaulizwa maneno yapi yanatamkwa sawa, mkazo uko wapi, na angemjibu vipi mwenzake katika mazungumzo fulani. Majibu yote anayaandika. Hakuna anayemsikiliza.

Tulifikaje hapa?

Enzi za ukoloni, mtihani wa kumaliza shule ya upili ulitungwa Cambridge, na majibu yakarudishwa Uingereza kusahihishwa. Karatasi hupanda meli. Sauti haitiwi kwenye bahasha. Si kwamba Cambridge hawakujua thamani ya kusema. Mwaka 1913 walipoanzisha mtihani wa umilisi wa Kiingereza kwa wageni, watahiniwa walikuwa watatu tu. Walihojiwa na kuandika kwa jumla ya saa 12, imla na mazungumzo ya ana kwa ana yakiwemo. Wote watatu walianguka!

Uhuru ulipokuja, Tume ya Ominde ya 1964 ilikipa Kiingereza nafasi ya lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1980 Kenya ikaanzisha baraza lake, KNEC. Ukafuata mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. KCSE ya kwanza ilifanywa 1989, na kidato cha tano na sita vikazikwa. Ile miaka miwili ya kumwandaa kijana kwa chuo kikuu ikaenda navyo.

Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1989 ndipo ulipoanza IELTS, mtihani ambao Wakenya wengi huufanya wakitaka kusomea ng'ambo. Huo hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Mtahiniwa huketi mbele ya mtahini kwa dakika 11 hadi 14, akaongea.

Utetezi wa kwetu unajulikana: watahiniwa ni wengi mno. Mwaka 2024 walizidi 960,000. Nani atawasikiliza wote hao? Hoja ina uzito. Lakini KCSE hiyohiyo humsikiliza mtahiniwa wa Kifaransa au Kijerumani akizungumza. Kwa hivyo njia twaijua. Tumeshindwa na idadi tu, kisha tukazoea.

Anayelipia mazoea hayo ni yule wa Makwasinyi. Tuseme ameitwa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, au chuo kingine chochote. Muhula wa kwanza anasomeshwa stadi za mawasiliano, kisha anaambiwa asimame awasilishe kazi mbele ya wenzake. Ana B yake safi, lakini ulimi umekwama. Na huko kijijini kabaki mwenzake mwenye D, msemaji hodari, ambaye hakuna karatasi iliyowahi kumpa nafasi ya kuuonyesha ufasaha wake.

Sasa Gredi ya 10 ya kwanza imeingia sekondari pevu mwaka huu wa 2026, na mtaala wa umilisi unaruhusu mwalimu kutathmini wanafunzi wake shuleni. Hapo pana mwanya. Mwalimu wa Kiingereza awasikilize wanafunzi wake muhula baada ya muhula, na mwalimu wa shule jirani aje ahakiki ili alama zisigawiwe kwa upendeleo. Hatuhitaji meli wala bahasha. Tunahitaji mtu wa kusikiliza, na alama inayohesabiwa kwenye cheti. Vivyo hivyo kwa Kiswahili, ambacho nacho KCSE hukipima kwa kalamu pekee.