Elimu ya Ulaya na Mizani ya Magara

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge hupita Magara, kando ya Ziwa Tanganyika. Katika mwambao huo hutoka ndagala, mukeke na mawese. Mvuvi akeshaye na taa majini aijua jasho ya kazi yake. Lakini bei mara nyingi hukatwa na mwenye mizani, lori na daftari. Nani ashike mizani hiyo? Swali hilo si geni nchini Burundi, na yuko aliyejaribu kulijibu kwa vitendo.

Huyo ni Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyezaliwa Gitega mwaka 1932. Baada ya shule ya Astrida, Rwanda, alikwenda Ubelgiji kusoma katika chuo cha Antwerp, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo Urundi haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Chuo cha Antwerp kilikuwa kikiwaandaa maofisa wa kutawala makoloni, na waliosoma humo walitazamiwa kuutumikia utawala huo.

Rwagasore alirudi na shabaha nyingine. Tarehe 7 Juni 1957 aliwakutanisha wafanyabiashara mjini Usumbura, na mwezi huohuo ukaundwa Ushirika wa Wafanyabiashara wa Burundi, ili wenyeji washike biashara ya nchi yao. Wachuuzi wasemao Kiswahili wa Usumbura walimwunga mkono kwa moyo mmoja. Wakoloni walitambua mara moja maana ya jambo hilo: mtu anayejitegemea sokoni hakawii kudai kujitawala.

Hata hivyo, ukweli wote usemwe. Ushirika ulipata taabu ya usimamizi, na mwaka 1958 utawala wa Kibelgiji ukauchukua mikononi mwake. Nia ilikuwa njema, lakini hesabu iliyolegea ilimpa mpinzani sababu ya kuingia. Elimu ya uchumi haikamiliki kwa kujua bei za ulimwengu; hukamilika pale kila faranga ya mwanachama inapojulikana ilikopita.

Rwagasore hakukata tamaa. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961 chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64, naye akawa Waziri Mkuu. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo aliuawa kwa risasi mjini Usumbura, kwenye hoteli iliyo ufukweni mwa ziwa hilohilo. Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, yeye hakuwapo.

Historia hii yawahusu askari wa jeshi na polisi kwa karibu. Vijana wa Burundi wameendelea kwenda Ulaya kusomea biashara na uchumi, na gharama ya masomo ya aliyelipiwa na taifa imetoka katika kahawa, mawese na samaki wa raia. Lakini maarifa yao hayatafika Magara ikiwa barabara si salama. Askari anayetoza faranga isiyo na stakabadhi kwenye kizuizi huiongeza juu ya bei ya ndagala au huipunguza katika mapato ya mvuvi. Anayelinda lori lipite kwa haki anaulinda ushirika ambao Rwagasore aliuanzisha bila kuuona ukistawi. Msomi na ashike daftari kwa uaminifu, askari na ailinde njia kwa uaminifu uleule; hapo mvuvi ataiamini mizani.