Unataka Shandelia Kwa Keja? Cheki Hizi Vitu 6 Kabla Ununue Balbu

Kuna time nililipwa kazi fulani nikaamua kumfurahisha mathe. Nikaenda Luthuli, nikabeba shandelia ya mikono mitano, ile ukiona unajua hii nyumba imeomoka. Taa yenyewe ilikuwa fiti. Noma ilikuwa balbu.

Nilibeba balbu tano bila kuuliza swali hata moja. Kufika home, hazingii. Nikapanda mat nikarudi tao. Za pili zikaingia, lakini kuwasha tu, sebule ikawa nyeupe ya bluu mpaka macho inauma. Mathe akaangalia juu, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa hapa tutakuwa tunauza dawa?"

Ndio nikaamua kusoma hii story vizuri. Hizi hapa ndio vitu za kucheki usichome pesa kama mimi.

1. Holda kwanza, urembo baadaye

Balbu za kawaida kwa keja nyingi Kenya ni za pini, zile unasukuma halafu unazungusha. Hizo huitwa B22. Shandelia nyingi hutumia skrubu ndogo, E14. Hiyo 14 ni upana wa ile sehemu ya skrubu kwa milimita. Kuna pia E27, skrubu kubwa, na G9, kadogo ka waya mbili, ambako hupatikana kwa taa ndogo za kisasa za vioo.

Kama taa ishawekwa, toa balbu ya zamani uende nayo dukani. Ikikosekana, zima stima upige holda picha. Usikubali kuuziwa adapta ndio balbu iingie kwa nguvu. Balbu itatokeza vibaya, na kila kiungo ukiongeza ni mahali pengine pa kulegea na kushika moto.

2. Soma kibandiko cha wati

Karibu na holda utapata imeandikwa kama MAX 40W. Maana yake ni kila holda isipewe balbu ya zaidi ya wati 40. Hiyo si ushauri, ni onyo. Balbu za zamani za waya hugeuza stima nyingi kuwa joto. Ukizidisha wati, holda inakauka na kupasuka, ngozi ya waya inakatika, na hiyo yote inafanyika juu ya dari penye huoni. Siku utasikia harufu ya plastiki ikiungua, hapo tayari umechelewa. Zima na uite fundi wa stima.

3. Piga hesabu ya tokeni

Hapa ndio wengi huumia pole pole. Balbu tano za zamani za wati 40 ni wati 200. Ukiwasha masaa 5 kila siku kwa siku 30, umekula yuniti 30. Balbu za LED za wati 4 hutoa mwanga karibu sawa, lakini tano ni wati 20 pekee. Masaa ni yale yale, yuniti ni 3. Balbu ya bei rahisi dukani inaweza kukukula kila mwezi.

Na usipime mwanga kwa wati siku hizi. Angalia lumeni. Balbu ya zamani ya wati 40 ni kama lumeni 470, so tafuta hiyo namba kwa boksi ya LED.

4. Rangi ya mwanga ndio hubeba vibe

Kwa boksi kuna namba inaishia na K. 2700K ni mwanga wa dhahabu, kama wa mshumaa, na ndio hufanya sebule ikae poa. 4000K ni nyeupe ya kawaida, nzuri jikoni. 6500K ni ile ya bluu iliyoniletea aibu. Nunua zote za namba moja na kampuni moja. Ukichanganya, hata mgeni ataona.

5. Umbo na kioo

Shandelia za zamani zilikuwa za kubeba mishumaa kabla stima ije, ndio maana balbu zake nyingi zina umbo la mshumaa. Zile zimeandikwa C35 zina upana wa milimita 35, na hukaa vizuri kwa mikono midogo. Ukiweka balbu nono ya kawaida, taa inafanana na mtu amevaa viatu vya babake.

Kama taa yako ina vioo vya kuning'inia, chukua balbu ya kioo wazi. Ndio hufanya vioo vimetemete. Kama dari iko chini na balbu ziko uchi, chukua za kioo cha maziwa, macho yako itakushukuru.

6. Dima na vikombe vilivyofungwa

Kama swichi yako ni ile ya kupunguza mwanga, si kila LED inaelewana nayo. Boksi lazima iseme inakubali dima, ama balbu itapepesa kama disko na kufa mapema. Na kama balbu inakaa ndani ya kikombe kilichofungwa kabisa, uliza kama inaruhusiwa. LED haichomi kama za zamani, lakini joto likikosa pa kutokea, inakufa haraka.

Ukifika dukani, sema hivi: "Nipe LED ya mshumaa, E14, wati 4, 2700K, kioo wazi." Cheki alama ya KEBS, na uombe ijaribiwe moja moja ukiona kabla ulipe. Home, zima main switch, sio swichi ya ukuta pekee. Ngoja balbu ya zamani ipoe, na ushike mpya hapo chini, sio kwa kioo.

Mimi nilirudi Luthuli mara ya tatu nikiwa na hiyo list. Mathe hakusema kitu. Lakini siku hiyo aliwasha taa saa kumi na moja jioni, jua bado iko nje.