Upara Umekushika Mapema? Hivi Ndivyo Dawa za Daktari Hufanya, na Hivi Ndivyo Zinaweza Kukuchoma

Kama umewahi kaa kwa kiti cha kinyozi pale Nyaramba siku ya soko, unaijua hiyo dakika. Mashine imezimwa, msee anashika kioo cha pili nyuma ya kichwa chako, halafu ananyamaza kidogo kuliko kawaida. Kisha anakuuliza kwa upole, "Tata, nikuwekee Jordan tu?"

Hapo ndio unajua mambo yameharibika huko juu.

Usiku unaingia mtandaoni na kila mtu ana mafuta ya kukuuzia. Mimi nilinunua chupa ya mafuta ya kitunguu kutoka kwa jamaa fulani aliyenihakikishia wiki tatu tu. Nywele hazikurudi, na mto wangu ulinuka kachumbari miezi miwili. Kwa hivyo hapa hatuongei mafuta. Tunaongea dawa zenyewe, zile daktari huandika, ju siku hizi unaskia zikitajwa hadi kwa stage ya Probox na wasee wanazimeza bila kujua ni nini wanameza.

Kwanza, una uhakika ni upara?

Upara wa kiume una ramani yake. Unaanza pembeni mwa paji la uso, nywele zinarudi nyuma kama herufi M, au unatoboka juu ya utosi. Wakati mwingine zote mbili, hadi zikutane. Hauwashi, hauumi, hautoi usaha.

Kama kichwa chako kina mabaka ya duara yenye magamba na yanawasha, hayo pengine ni mashilingi, na yanatibiwa na dawa za kuvu. Vile vipele vigumu nyuma ya shingo, vinavyokuja na kunyoa chini sana, ni shida nyingine tofauti. Ukiwa na dredi umezikaza hadi nyusi zinapanda, nywele za mbele zinang'oka kwa kuvutwa, na hapo dawa ya kwanza ni kuzilegeza. Kuna pia nywele zinazotoka ghafla na kuacha duara laini kabisa kama sarafu. Hiyo ni kinga ya mwili wako inashambulia mizizi, na ni ya daktari wa ngozi moja kwa moja.

Dawa za upara hazitibu hizo zote. Ukimeza kidonge cha upara na shida yako ni mashilingi, umepoteza doh na bado utawaambukiza wenzako kupitia mashine ya kinyozi.

Na ile story ati upara unatoka kwa baba ya mamako pekee? Iko na ukweli kiasi, ju jeni moja kubwa inayohusika inakaa kwa kromosomu X, na mwanaume huipata kwa mamake. Lakini jeni ni nyingi na zinatoka pande zote. Usimlaumu sokoro peke yake.

Kijiji cha Dominika kilichofungua macho ya wanasayansi

Tayari 1942, mtafiti Mmarekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara. Kwa hivyo ilijulikana homoni za kiume ziko ndani ya hii kesi. Swali lilikuwa ni homoni gani.

Jibu lilianza kuonekana 1974. Daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika kuhusu familia za kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika. Huko kulikuwa na watoto wanaozaliwa wakifanana na wasichana, halafu wakibalehe wanakuwa wanaume kabisa, sauti nzito na misuli. Miili yao ilikuwa na testosteroni ya kutosha, lakini ilikosa kimeng'enya cha kuigeuza kuwa homoni kali zaidi inayoitwa DHT. Na wanaume hao wakizeeka, tezi dume ilibaki ndogo na nywele zilibaki kichwani.

Ukielewa hiyo, umeelewa dawa yote. DHT ndiyo inanyonga mizizi ya nywele za juu kwa mtu aliyezaliwa na mizizi inayoiogopa. Kila mzunguko unywele unatoka mwembamba zaidi, hadi unakuwa kama wa mtoto. Kampuni ya Merck ikatengeneza kidonge kinachozuia kile kimeng'enya. Kikaitwa finasteride.

Kilianza kama dawa ya wazee. Mwaka wa 1992 Marekani iliidhinisha kidonge cha miligramu 5, Proscar, kwa tezi dume iliyovimba. Desemba 1997 ikaja Propecia, dawa ile ile lakini miligramu 1, ya upara wa wanaume. Ndio maana ukiingia kwa kemisti Kisii mjini ukiulizia finasteride, unaweza kupewa boksi ya miligramu 5 iliyoandikwa mambo ya tezi dume, ubaki ukishangaa kama umezeeka.

Inafanya kazi? Ndio, kwa wengi. Kwa utafiti mkubwa uliotumika kuidhinisha, baada ya miaka miwili wanaume kama 83 kwa 100 walikuwa hawajapoteza nywele zaidi pale utosini, ukilinganisha na 28 kwa 100 waliopewa kidonge bandia. Lakini soma tena hiyo sentensi: hawajapoteza zaidi. Kazi yake kubwa ni kuzuia. Kuotesha upya huwa kwa kiasi, na zaidi utosini kuliko zile kona za mbele. Pia waliofanyiwa utafiti wengi walikuwa Wazungu, kwa hivyo hesabu yetu sisi haijapimwa sawa.

Subira pia ni lazima. Kabla ya miezi mitatu hauoni kitu, na hukumu ya maana inakuja kwa mwaka. Ukiacha, ile ulikuwa umeokoa inaenda ndani ya mwaka mmoja. Hii si dozi ya malaria ati unamaliza siku tatu. Ni ndoa. Piga hesabu ya bei ya mwaka mzima kabla ya kununua pakiti ya kwanza.

Sasa ile upande hawakuambii

Hapa usiruke mistari, tafadhali.

Finasteride inagusa homoni, na homoni hazikai kichwani peke yake. Kwa utafiti wa miligramu 1, karibu wanaume 4 kwa 100 walisema wamepata shida ya kitandani: hamu kushuka, kusimama kwa shida, au shahawa kupungua. Kwa kidonge bandia ilikuwa karibu 2 kwa 100. Kwa hivyo si wengi, na kwa wengi wao iliisha. Lakini kuna wanaume wanaoripoti kwamba shida ilibaki hata baada ya kuacha dawa, na 2012 mamlaka ya dawa Marekani iliamuru hiyo iandikwe kwa karatasi ya maelezo.

Halafu kuna kichwa, na simaanishi nywele. Huzuni nzito iko kwa orodha ya madhara kwa miaka mingi sasa. Mei 2025 shirika la dawa la Ulaya lilithibitisha kwamba mawazo ya kujitoa uhai ni madhara ya vidonge vya finasteride, na kesi nyingi zilizoripotiwa zilitoka kwa watu wa miligramu 1, yaani wa nywele. Mara ngapi hutokea haijulikani. Lakini fikiria mwenyewe: msee wa 24, hana mboka, anaona aibu ya kichwa chake, anavaa marvin hadi jua la saa saba. Ashaanza akiwa chini. Anameza kidonge kwa siri, mood inashuka, na hakuna mtu nyumbani anayejua aunganishe hizo mbili.

Kwa hivyo mwambie mtu. Bro, dem wako, mathe, yeyote mnayekaa naye. Mtu wa nje huona umebadilika kabla wewe ujue. Kama umewahi pitia depression, daktari lazima ajue kabla hajaandika kitu. Na ukianza kuskia mawazo ya kujimaliza, acha kidonge siku hiyo hiyo na utafute daktari. Laini ya Red Cross Kenya, 1199, ni ya bure.

Mambo mengine ya haraka. Mwanamke mjamzito asishike kidonge kilichovunjika au unga wake, ju dawa inaweza kuharibu sehemu za siri za mtoto wa kiume tumboni. Hiyo inagusa wale wanaokata miligramu 5 vipande vinne kwa meza ya jikoni ndio waokoe pesa. Matiti yakianza kuuma au kuvimba, rudi kwa daktari. Usitoe damu hadi mwezi mmoja uishe tangu kidonge cha mwisho. Na usiibe dawa ya mzae wako ya tezi dume. Yeye itamkatikia, na finasteride inashusha kipimo cha PSA karibu nusu, kwa hivyo mtu yeyote anayeimeza akipimwa saratani ya tezi dume lazima aseme, ama majibu yatadanganya.

Wanamichezo wa Nyamira, najua mmefika hapa mkiuliza. Romário, yule straika wa Brazil, alipatikana na finasteride 2007 akiwa Vasco da Gama, na akasema ni ya upara. Alifungiwa, baadaye akaondolewa hatia. Wakati huo ilikuwa marufuku ju inaweza kuficha dawa zingine, lakini ilitolewa kwa orodha ya kimataifa 2009.

Minoksidili, ile ya ndevu

Hii wengi wenu mnaijua, ile kwa chupa imeandikwa Minoxidil. Kenya ilipata umaarufu kwa wasee wanaotafuta ndevu. Ilianza 1979 kama kidonge cha presha cha kampuni ya Upjohn, na wagonjwa wakaanza kuota nywele mpaka kwa mashavu. Mwaka wa 1988 Marekani ikaidhinisha ile ya kupaka kichwani.

Ya kupaka nchi nyingi haihitaji karatasi ya daktari. Haigusi DHT. Inaamsha mizizi, inarefusha muda wa unywele kukua. Asilimia 5, mara mbili kwa siku, kwa ngozi na si kwa nywele. Wiki za kwanza nywele zinaweza kutoka zaidi. Wengi hutupa chupa hapo wakidhani wamelaghaiwa, kumbe ndio za zamani zinapisha mpya. Inaweza kuwasha ngozi. Ukiacha, faida inaisha ndani ya miezi michache.

Kidonge chake ni kesi nyingine. Madaktari wa ngozi siku hizi huandika dozi ndogo kwa upara ingawa haijaidhinishwa rasmi kwa hiyo kazi. Ni dawa ya presha bado: moyo unaweza kukimbia, miguu kuvimba, ukainuka kwa kiti ukaona giza. Pima presha kwanza. Hii usijaribu kwa ushauri wa mtu wa bodaboda hata kama nywele zake ziko fiti.

Kuna pia dutasteride, binamu mkali wa finasteride. Inashusha DHT zaidi ya asilimia 90 na inakaa mwilini miezi. Korea Kusini iliidhinisha kwa upara 2009 na Japani 2015, Marekani bado ni ya tezi dume tu. Ukipata madhara, hayaondoki wiki ijayo. Mimi singeanzia hapo, na kwa kutoa damu unangoja miezi sita.

Unaanzia wapi ukiwa Nyaramba?

Madaktari wa ngozi ni wachache huku kwetu. Anza na hospitali ya rufaa ya kaunti pale Nyamira mjini, au Kisii kwenye hospitali ya mafunzo na rufaa, uulizie daktari wa ngozi anakaa siku gani kabla ulipe fare. Beba picha zako za miaka miwili nyuma, zinasema mengi kuliko maneno. Taja dawa zote unazomeza, presha, na kama mnatafuta mtoto, ju finasteride inaweza kupunguza ubora wa shahawa kwa wengine.

Kemisti awe na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu imebandikwa pale unaweza kuiona. Angalia tarehe ya mwisho, angalia kama boksi imefunguliwa. Akikuuzia finasteride bila kuuliza swali hata moja, toka.

Na kama umesoma yote ukaona hiyo ndoa si yako, ile Jordan ya kinyozi bado iko. Mimi niliichukua Machi. Wiki ya kwanza niliskia baridi, wiki ya pili mathe alisema nafanana na babangu, wiki ya tatu hakuna aliyebonga tena.